Mlio wa Simu na Wakati wa Sala

Hotuba kwa waumini wa Moshi na vijiji vya mlimani

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Tumeombwa kuzungumza juu ya jambo ambalo miaka ya nyuma lisingeweza kuwa mada ya msikitini, nalo ni sauti inayotoka katika simu ya mkononi. Hapana shaka wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya mafundi na vijana wa vyuo. Lakini leo waumini wengi wa Moshi mjini, wa Himo, wa Machame na hata wa Tarakea huamka kula daku kwa mlio wa simu, na wapo wanaofungua saumu kwa mlio huo huo bila ya kuinua macho kutazama mbingu. Ikiwa sala ya mtu na saumu yake vinauegemea mlio, basi hatuna budi kujua mlio huo unatoka wapi, ni nani aliyeuamuru upigwe, na ni kitu gani kiwezacho kuuzuia au kuuwahisha. Mwenyezi Mungu ametubainishia katika Sura An-Nisaa, aya ya 103, kwamba sala imewekewa nyakati zake. Mtu hawezi kuukabidhi wakati huo kwa chombo asichokijua hata kidogo.

Tukumbuke pia kwamba suala la sauti ya kuwaita watu si geni katika dini yetu. Masahaba walipokutana Madina kushauriana juu ya namna ya kuwakusanya waumini kwa ajili ya sala, ilitajwa pembe, ikatajwa na kengele. Kisha Sahaba Abdullah bin Zaid (r.a.) akaja na habari ya ndoto yake, na Mtume (s.a.w.) akamwelekeza amfundishe Bilal (r.a.) maneno yale, kwa kuwa sauti ya Bilal ilikuwa bora na yenye kufika mbali kuliko yake. Tazameni jinsi mambo mawili yalivyotenganishwa hapo: yako maneno yanayotamkwa, na iko sauti inayoyafikisha kwenye masikio ya watu. Mlio wa simu hauwi adhana ya msikiti, wala haumwondolei muadhini kazi yake. Ni ukumbusho wa mtu binafsi. Lakini hata ukumbusho una masharti yake, usikike na uje kwa wakati.

SAUTI HUZALIWAJE NDANI YA SIMU

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Uzi wa udi ukitikisika mara 440 katika sekunde moja, hewa inayouzunguka nayo hutikisika mara 440, na sikio huipokea hiyo kuwa noti moja. Mitikisiko ikizidi, sauti huwa nyembamba na kali. Ikipungua, huwa nzito. Kipimo hiki wataalamu hukiita hezi.

Mtengenezaji wa programu ya simu ana njia mbili za kuitoa sauti. Ya kwanza ni kuihesabu. Katika miaka ya 2000 zilikuwako nchini mwetu simu zinazoendesha programu za Java. Kanuni za mwanzo za Java ya simu, za mwaka 2000, hazikumpa mtengenezaji zaidi ya milio michache ya tahadhari iliyokwisha kuwekwa kiwandani. Kanuni zilizofuata, za mwaka 2002, zilimruhusu kupiga noti yoyote kwa amri fupi yenye tarakimu tatu: namba ya noti kuanzia 0 hadi 127, muda wake kwa sehemu za elfu za sekunde, na ukubwa wa sauti kuanzia 0 hadi 100. Noti ya 69 ndiyo ile yenye mitikisiko 440. Ukipanda noti 12 unafika 81, na mitikisiko huwa maradufu, yaani 880. Noti ya 72 ina mitikisiko 523 hivi, na tunaomba namba hii ikumbukwe, maana tutairudia.

Katika simu za leo za Android kipo kitoa-milio kiitwacho ToneGenerator, lakini hicho hutoa milio ya simu tu, kama ile isikikayo mtu anapobonyeza tarakimu au anapokuta laini inatumika. Anayetaka noti yake mwenyewe hana budi kuihesabu wimbi kwa wimbi. Simu huhitaji kupewa namba 44,100 kwa kila sekunde, kila namba ikieleza ni wapi utando wa spika usimame kwa punje hiyo ya wakati. Noti ya mitikisiko 520 hutumia takriban namba 85 kwa kila wimbi moja. Kijana akifanya kazi hii kwa mara ya kwanza atasikia kishindo kidogo, "tak", mwanzoni na mwishoni mwa noti. Sababu yake ni kwamba wimbi limekatwa ghafla, na spika imerushwa kutoka mahali pamoja hadi pengine. Dawa yake ni kuipandisha sauti taratibu katika sehemu kumi za elfu za mwanzo, na kuishusha vivyo hivyo mwishoni.

Njia ya pili ni kupiga faili la sauti iliyorekodiwa, na hii ndiyo itumiwayo kwa adhana. Adhana ya dakika tatu ikihifadhiwa bila ya kubanwa huchukua megabaiti 16 hivi. Ikibanwa kwa kiasi cha wastani huwa chini ya moja na nusu. Basi hakuna udhuru kwa mtengenezaji anayeiacha sauti yake huko intaneti ili simu iifuate kila wakati wa sala. Bando likiisha usiku, Alfajiri itapita kimya. Faili likae ndani ya simu.

MLIO UPI HUMWAMSHA ALIYELALA

Wengi huchagua mlio kwa uzuri wake. Huchukua kisomo cha muadhini maarufu, chenye kuanza kwa upole na kupanda polepole, kisha hushangaa kwamba hawakuamka. Spika ya simu ni ndogo mno, na sauti nzito huipita bila ya kusikika vizuri. Kwa upande mwingine, masikio ya wazee hupoteza kwanza sauti zile nyembamba na kali. Kwa hiyo mlio mzito hautoki vizuri, na mlio mkali haumfikii babu.

Jambo hili limechunguzwa sana kuhusiana na kengele za moto. Uchunguzi uliofanywa Australia na Marekani ulionyesha kwamba mlio wa mitikisiko 520 wenye wimbi la mraba huwaamsha watoto na watu wenye usikivu hafifu vizuri zaidi kuliko mlio mkali wa mitikisiko 3,100 uliokuwa ukitumiwa katika kengele za kawaida, na kanuni za kengele za moto huko Marekani zikautaka mlio huo kwa vyumba vya kulala vya mahoteli. Wimbi la mraba ni lile linaloruka juu na kushuka chini bila ya mteremko, na kwa sababu hiyo hubeba ndani yake sauti nyingine za juu: 1,560, 2,600 na kuendelea. Ni sauti moja inayokuja na ndugu zake, sikio likikosa huyu litampata yule. Na mitikisiko 520 ndiyo hiyo noti ya 72 tuliyoitaja.

Kwa hiyo rai yetu ni kwamba kwa Alfajiri programu ipige kwanza mlio huo, kwa vipindi vifupi vya sekunde chache, kisha ndipo adhana ifuate. Hauna uzuri wowote, tunakubali. Lakini mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na pembe iliyokuwa ikiwaita watu wa milima yetu kwenda msaragambo haikusifiwa kwa utamu wake.

Wenye simu za iPhone wajue jambo moja zaidi. Katika simu hizo sauti ya taarifa haitakiwi kuzidi sekunde 30. Ikizidi, simu huiacha na kupiga mlio wake wa kawaida. Ndiyo maana adhana nyingi humo hukatika katikati, na muumini hudhani programu imeharibika.

SIMU YENYE KUSINZIA

Sasa tufike kwenye jambo ambalo huwapotezea watu Alfajiri nyingi kuliko lolote. Simu isipoguswa kwa muda husinzia ili kuhifadhi betri. Tangu Android ya mwaka 2015, simu iliyolazwa kimya huziahirisha kazi za programu na kuzikusanya pamoja, hata mlio uliopangwa saa 11 kamili ukaweza kulia robo saa baadaye. Ipo amri ya kuivuka hali hiyo, lakini mtengenezaji lazima aitumie, na mwenye simu lazima airuhusu. Tangu mwaka 2021 ruhusa ya kupiga kengele kwa dakika kamili imekuwa na mahali pake katika mipangilio ya simu. Tangu mwaka 2022 programu huomba pia ruhusa ya kutoa taarifa. Na katika Android ya mwaka 2023 programu nyingi mpya hazipewi ile ruhusa ya kwanza mpaka mwenye simu aikubali kwa mkono wake. Muumini anayebonyeza "hapana" kwa haraka ili kioo kiondoke, amejifungia adhana yake mwenyewe. Juu ya hayo, baadhi ya watengenezaji wa simu wameongeza walinzi wao wa betri wanaoziua programu zisizotumiwa, nao huhitaji kuelekezwa peke yao.

Na huku mlimani umeme ukikatika na chaji ikaisha, simu huzimika. Ikiwashwa tena, kengele zote zilizopangwa na programu huwa zimefutika isipokuwa programu yenyewe imeandikwa izipange upya mara tu simu inapowaka. Hilo ni neno la mistari michache tu katika msimbo, lakini asiyelijua huwaacha watu wamelala. Njia ya kuipima ni nyepesi: zima simu usiku, iwashe, usiifungue programu, kisha ungojee sala inayofuata.

Lipo pia suala la mikondo ya sauti. Simu ya Android haina sauti moja. Upo mkondo wa mlio wa kupigiwa, wa taarifa, wa kengele ya kuamsha na wa muziki, na kila mmoja una kiwango chake. Mtengenezaji ndiye anayechagua adhana yake ipite wapi. Ikipita mkondo wa muziki, aliyepunguza sauti ya video jana usiku hataisikia Alfajiri. Ikipita mkondo wa kengele, italia hata pale mlio wa kupigiwa ulipozimwa, na hiyo ni neema saa 11 alfajiri lakini ni balaa saa 7 mchana siku ya Ijumaa, pale simu kumi katika safu moja zinapoadhini kwa zamu hali khatibu yuko juu ya mimbari. Wenye simu hizo huwa wamezinyamazisha kwa nia njema kabisa! Programu nzuri humpa mtu nafasi ya kuchagua kwa kila sala: Alfajiri kwa mkondo wa kengele, Adhuhuri kwa mtetemo tu.

DAKIKA ZA MOSHI SI DAKIKA ZA DAR ES SALAAM

Mlio ukiwa umetengenezwa vyema lakini wakati wenyewe una kasoro, hasara ni kubwa zaidi, maana mtu huuamini. Saa ya Tanzania imefungwa kwenye mstari wa nyuzi 45 mashariki, na Moshi iko kwenye nyuzi 37 na theluthi. Jua hutumia dakika 4 kwa kila uzi mmoja. Kwa hiyo kwa wastani jua hupita utosini mwa Moshi saa 6 na dakika 31 mchana. Katikati ya Februari huchelewa hadi saa 6 na dakika 45, na mwanzoni mwa Novemba huwahi hadi saa 6 na dakika 14. Dar es Salaam, iliyo mashariki yetu, hututangulia kwa takriban dakika 8.

Mtu atasema dakika 8 si kitu, ataongeza na yatakwisha. Hayaishi hivyo, kwa kuwa Dar es Salaam iko kusini yetu vilevile, na urefu wa mchana hautofautiani nasi kwa kiasi kimoja mwaka mzima. Mwezi Desemba Magharibi ya Moshi huifuata ya Dar es Salaam kwa dakika 2 tu. Mwezi Juni huifuata kwa dakika 14. Basi aliyefunga Moshi katika Juni, akafungua kwa adhana ya redio iliyo kwa saa za Dar es Salaam, au kwa programu iliyoachwa kwenye mji huo, amekula jua likingali juu. Programu nyingi humtaka mwenye simu ataje mji wake. Atafute Moshi, asitosheke na kuona neno Tanzania.

Kwa Alfajiri na Isha kuna hitilafu nyingine, nayo ni ya kipimo cha nuru ya mapambazuko. Katika mipangilio mtu atakuta majina ya taasisi: Rabitat ya Makka huhesabu Alfajiri jua likiwa nyuzi 18 chini ya upeo, Misri nyuzi 19 na nusu, na Waislamu wa Amerika ya Kaskazini nyuzi 15. Kwetu sisi, tulio karibu na ikweta, tofauti ya 15 na 18 ni kama dakika 12. Hatukuja hapa kuamua kati ya masheikh. Tunalosema ni kwamba msikiti mmoja uchague kipimo kimoja na ukitangaze, ili nyumba mbili zinazopakana zisiwe moja inakula daku na nyingine imekwisha kusali.

MLIMA

Hapa ndipo programu zilizotengenezwa mbali zisipoweza kutusaidia sana. Hesabu zao huchukulia kwamba upeo wa macho ni tambarare kama bahari. Mtu wa Rombo anajua kwamba sivyo. Yeye yuko mashariki ya mlima, na jioni jua humfichikia nyuma ya Mawenzi, wenye mita 5,149, na nyuma ya mabega ya mlima. Mahali ambapo mlima umepanda nyuzi 10 juu ya upeo, jua hufichika dakika 40 hivi kabla halijazama. Kivuli kinaingia migombani, baridi inashuka, mbuzi wanarudishwa zizini, na mgeni anaweza kudhani Magharibi imeingia. Haijaingia. Mtume (s.a.w.) alituelekeza tuangalie giza la usiku likija kutoka upande wa mashariki, na mwelekeo huo unamfaa mtu wa Rombo kuliko mtu yeyote, kwa sababu mashariki yake iko wazi hadi nchi tambarare. Kwa hili, simu iliyowekwa vizuri ni shahidi mwema dhidi ya macho yaliyodanganywa na mlima.

Upande wa Sanya Juu na Ngarenairobi mambo hugeuka. Huko jua huchelewa kuonekana asubuhi, na asiyeona jua hudhani wakati wa Alfajiri ungalipo hali umekwisha kutoka. Na kwa walio juu wenye kuiona nchi tambarare ya magharibi, jua hubakia machoni zaidi: aliye mita 1,000 juu ya tambarare hiyo anaweza kuliona kwa dakika 4 hivi baada ya walio chini kulikosa. Jambo kama hili lilizuka Dubai mwaka 2011 juu ya jengo la Burj Khalifa, na masheikh wa huko wakawaelekeza wakaao juu ya ghorofa ya 80 wangoje dakika 2 zaidi kabla ya kufuturu, na walio juu ya ghorofa ya 150 dakika 3. Jengo hilo lina mita 828. Vijiji vyetu vingine vimeipita tofauti hiyo ya kimo bila ya lifti.

Programu nyingi zina mahali pa kuongeza au kupunguza dakika kwa kila sala, na wachache wanaopatumia. Hapo ndipo penye kazi kwa vijana wetu. Hesabu za nyakati za sala si siri, na misimbo yake imewekwa wazi na wataalamu Waislamu ili yeyote aichukue. Kijana hahitaji kuanza na karatasi tupu. Atie longitudo na latitudo ya kijiji chake, atie kimo, atie mlio wa 520, aandike saa kwa Kiswahili ili bibi asisumbuke na "18:36" badala ya saa 12 na dakika 36. Na asiombe mahali alipo mtu ili apeleke huko kwingine. Mwaka 2020 magazeti ya Marekani yaliandika kwamba programu mashuhuri ya sala, Muslim Pro, ilikuwa ikiwapatia wafanyabiashara wa taarifa mahali walipo watumiaji wake. Kampuni hiyo ilikanusha kuliuzia jeshi, na ikakata uhusiano na washirika hao. Hesabu ya Magharibi hufanyika yote ndani ya simu, na mtu wa nje hana haja ya kujua uko Marangu au Kibosho.

Kwa kuanzia, tumewaomba vijana wawili wawili kutoka kila upande wa mlima waandike kwa siku saba, jioni zisizo na mawingu, dakika ambayo jua limefichika machoni pao na dakika ambayo giza limeonekana kupanda mashariki, kando ya dakika iliyotajwa na simu. Daftari za Rombo zije mapema, kabla ya Shaaban kwisha. Na wale ambao simu zao bado hazijapewa ruhusa tulizozitaja, wabaki baada ya sala ya Alasiri tuziangalie moja moja. Waje na chaji.

Wabillahi taufiq.